Kopo la Kumi na Mbili

Saa moja asubuhi tulikuwa watano kwenye kituo cha Jihlava:
Radim, simu kifuani kama mtu aliyebeba kifaranga,
Hedvika na chupa ya chai,
Bohumil, aliyestaafu kupeleka barua, anayedai
miguu yake haijawahi kusoma ramani wala kupotea,
Zdenka,
na mimi, niliyekuja kwa kukosa udhuru.

Makopo kumi na mawili, alisema Radim.
Watu tusiowajua wameyaficha vilimani,
wametuachia digrii, dakika na fumbo.
Kazi yetu kuyaona, kuandika majina,
kuyarudisha kana kwamba hatukufika.

La kwanza chini ya daraja, limeng'ang'ania chuma kwa sumaku.
La pili ndani ya kisiki. La tatu ndani ya kisiki.
La nne tulichakura visiki viwili
kabla Hedvika hajainua uso:
linaning'inia juu yetu, limevaa magamba ya msonobari.
Tulicheka. Saa nne mtu bado hucheka.

Kufika la saba, mvua. Si mvua ya kusimulia,
ni ile ya mwezi wa kumi, isiyonyesha wala kuacha,
inayoingia kwenye kola na kukaa.
Bohumil akazama kinamasini hadi gotini.
Tukavuta mguu, buti likabaki.
Tukavuta buti, soksi ikabaki.
Soksi tumeiacha. Atakayeifukua aandike jina.

La tisa hatukuliona.
Tuliuzunguka mwamba ule, simu ikisema
mita tatu, mita kumi na moja, mita tatu,
kama mtoto mwongo aliyesahau alichosema mwanzo.
Zdenka akaketi juu ya jiwe:
"Kopo ni mimi. Niandikeni, twende."

La mwisho lilikuwa kwenye tanuri la kale la chokaa.
Karatasi imelowa, penseli haina ncha.
Nilianza Ludmila, nikaishia Ludmi.

Garini nilivua buti.
Kichwani nilikwisha kuoga,
nilikwisha kunywa supu ya vitunguu saumu, nilikwisha kulala,
simu ilipolia. Mama.
"Maadamu uko njiani..."
Siko njiani, mama. Nimekaa.
"...maadamu uko njiani, mpitie Vojta mpirani, baba yake yuko zamu.
Viazi vya mjomba Ctibor viko mlangoni, magunia mawili tu.
Na bibi kapoteza miwani, hawezi kusoma dawa zake."

Vojta alinuka nyasi, akaongea njia nzima
kuhusu goli ambalo halikuingia.
Gunia la pili lilikuwa na tundu.
Viazi vikashuka ngazi za bibi kimoja kimoja,
bila haraka, kama wageni wanaoondoka msibani.

"Si wewe unayelipwa kutafuta vitu?" akauliza bibi.
Silipwi, bibi.
"Basi tafuta bure."

Nikapiga magoti, yale yale ya mchana.
Chini ya kochi. Kwenye sanduku la uzi. Nyuma ya picha ya babu.
"Mita tatu!" akapaza Vojta, mdomo umejaa mkate.
"Mita kumi na moja!"
Miwani ilikuwa ndani ya kopo la unga,
imekunjwa vizuri, nyeupe kama samaki wa kukaangwa.

Bibi aliipangusa kwa aproni, akaivaa,
akaiendea kalenda ya duka la dawa iliyo ukutani,
akaandika kwenye kisanduku cha leo:
Ludmila. Vojta. Viazi.
Nikasoma vilivyotangulia. Daktari.
Mtu wa gesi. Hakuna. Hakuna.
Nikafunua nyuma hadi Agosti ndipo nikaliona jina langu,
limekamilika, herufi zote.

"Umekula?" akauliza.
Nikasema ndiyo. Akapakua.

Kuna kiazi kimebaki ngazi ya tatu, kwenye kona yenye giza.
Nilikiona wakati wa kushuka.
Sikuinama.